Tabo ya Pili Mwezi Huu, na Bado Mwasema Ni Feki

Changamwe, Mombasa, wimbo wa wenye malori ni ule ule: "Tabo hii feki, mwezi haikumaliza." Tabo ndiyo ile feni inayozungushwa na moshi wa egzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Ya kwanza feki, ya pili feki, na ya tatu nayo? Jamani! Hebu ling'oeni lile bomba jembamba linalopeleka oili kwenye tabo, mlimulike kwa tochi. Yale makaa meusi yaliyoganda ndani hayakutoka dukani.

Ni oili iliyoungua. Lori limetoka bandarini na kontena, limepanda Mazeras kwa gia nzito, moshi unaosukuma tabaini, yaani gurudumu la tabo la upande wa egzosi, una joto la digrii 600 na ushei. Dereva afika mizani ya Mariakani, azima injini papo hapo, ashuka kutafuta chai. Pampu ya oili imesimama, lakini shafti ya tabo bado yazunguka, sasa karibu kavu, na moto wa upande wa egzosi wahamia katikati kwenye beringi. Oili iliyobaki yapikwa hadi iwe mkaa. Ungeiacha injini ingurume dakika tatu bila kukanyaga mafuta, basi. Lakini la, twabania dizeli ya kikombe kimoja, kisha twanunua tabo!

Kisha fundi afunga tabo mpya kwa bomba lile lile, oili ile ile, filta ile ile. Makaa yasafiri moja kwa moja hadi kwenye beringi. Bomba likishaziba, badilisha. Kulichokora kwa waya hakutoshi. Mwaga oili, weka filta mpya. Kabla ya kufunga, mimina oili safi kwenye tundu la juu la tabo huku ukiizungusha shafti kwa kidole. Kata dizeli, piga stata mpaka oili itoke chini, ndipo uwashe, na usikanyage mafuta dakika za mwanzo. Na gundi ya silikoni msiipake kwenye njia za oili, tafadhalini! Kipande kikimeguka, tundu limezibwa.

Haya, nakubali, feki zipo sokoni, na nyingine ni balaa tupu. Lakini tabo nzima pia hutupwa kwa sababu "shafti yacheza". Ikicheza kidogo juu na chini bila oili, ndivyo ilivyoundwa: beringi yake huelea kwenye oili. Ivute na kuisukuma kwa urefu wake. Ukihisi yaingia na kutoka, au mapanga yamekwaruza nyumba yake, hapo imekwisha.

Moshi wa buluu je? Tazama kwanza bomba nene la kurudisha oili kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Likibonyea au kuziba, oili hujaa ndani ya tabo na kuvuja hadi kwenye egzosi, hata kama tabo umeinunua leo asubuhi.