HER2: alama ya saratani na mipaka yake

Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba wanawake wenye saratani ya matiti ambayo seli zake zimebeba nakala nyingi mno za jeni ya HER2 walirudiwa na ugonjwa mapema, na walikufa mapema, kuliko wenzao. Jeni hiyo hutengeneza protini inayokaa kwenye utando wa nje wa seli, mahali ambapo kingamwili, yaani protini inayonasa shabaha yake maalumu, inaweza kuifikia, kuishika na kuionyesha chini ya hadubini kama mstari wa rangi ya kahawia. Mwaka 1998 trastuzumab, dawa ambayo yenyewe ni kingamwili, iliidhinishwa Marekani, na alama iliyokuwa ikitabiri mwisho mbaya ikawa sababu ya mgonjwa kupewa tiba.

Wanaotetea vipimo vya namna hii wana hoja nzito. Kati ya saratani 100 za matiti, takriban 15 hadi 20 ndizo zenye HER2 kwa wingi, na umbo la seli peke yake halimwezeshi daktari wa patholojia kuzibainisha kwa uhakika. Bila kipimo, ama wote wapewe dawa ghali ambayo wengi wao haitawafaa, ama wote wanyimwe.

Hata hivyo, HER2 si mali ya saratani. Seli za kawaida za titi zinayo, na za moyo pia, ndiyo maana anayetumia trastuzumab hufuatiliwa moyo wake. Kinachotofautisha ni wingi, na penye wingi lazima mtu achore mstari. Maabara hupima ukolezi wa rangi kwa alama za 0, 1+, 2+ na 3+. Ya juu kabisa, 3+, hutolewa pale utando mzima wa seli unapokolea rangi katika zaidi ya asilimia 10 ya seli za uvimbe. Mwaka 2007 mwongozo wa Marekani ulipandisha kiwango hicho hadi asilimia 30, kisha mwaka 2013 ukakirudisha kwenye 10. Saratani haikubadilika katika miaka hiyo sita. Kilichobadilika ni makubaliano ya wataalamu. Sioni kasoro katika hilo, mradi majibu ya maabara yasisomwe kana kwamba mpaka huo umechorwa na maumbile. Alama ya 2+ yenyewe inakiri mashaka, kwa kuwa hulazimu nakala za jeni zihesabiwe kwa kipimo kingine.

Mashaka yalihamia kwenye alama za chini mwaka 2022, trastuzumab deruxtecan, yaani trastuzumab iliyobebeshwa dawa ya kuua seli, ilipoidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wenye HER2 kidogo (1+, au 2+ isiyo na nakala nyingi za jeni) ambao saratani yao imesambaa. Kwa muda mrefu 0 na 1+ zilihesabiwa kitu kimoja, yaani hasi, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kubishania tofauti yake. Ghafla tofauti hiyo ikaamua nani apate dawa, ilhali wataalamu wawili wakitazama slaidi moja mara nyingi hawakubaliani kama rangi hafifu ipo au haipo. Kwa maoni yangu, 3+ imejijengea imani kwa ushahidi wa miaka mingi, lakini 1+ inabebeshwa mzigo ambao kipimo hiki hakikuundwa kuubeba.

Kuna jambo lingine ambalo mijadala ya dawa mpya hulipita haraka. Kipande cha uvimbe kinapaswa kutiwa kwenye fomalini, kemikali ya kuhifadhi tishu, ndani ya saa moja tangu kikatwe, na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikichelewa chumba cha upasuaji, au kikisafirishwa kutoka hospitali ya mbali katika fomalini isiyopimwa vizuri, protini huharibika na jibu huweza kuwa hasi la uongo. Mashine ya kisasa mwishoni mwa safari hairekebishi uzembe wa mwanzoni.

Shirika la Afya Duniani liliingiza trastuzumab katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwaka 2019 likathibitisha ubora wa dawa ya kwanza inayofanana nayo, ili kupanua ushindani na kushusha bei. Hatua hizo zinaimarisha hoja ya kupima. Lakini hospitali inayoweza kumudu kupima kitu kimoja tu ingefanya vyema kuanza na kipokezi cha homoni ya estrojeni, protini inayoipokea homoni hiyo, ambacho kwa kawaida husomwa ndani ya kiini cha seli wala si usoni pake, kwa sababu jibu chanya humpa mgonjwa tamoxifen, vidonge vya bei nafuu anavyoweza kumeza akiwa nyumbani.