Keki ya Buluu

Mimi kupamba keki nilijifunza kwa simu, chumbani, mlango nimeufunga kama mtu anayevuta sigara kwa siri. Nyumba yetu ya Kikwajuni, mjini Unguja, ina wanawake watano, na hakuna hata mmoja aliyeniamini siku niliporudi kutoka Darajani na pakiti ya nozo 24, vile vibomba vya kutolea maua ya krimu, na kile kimeza cha kuzungushia keki. Mama alikizungusha mara mbili, akasema kingemfaa kuwekea chupa za achari. Bibi ndiye aliyenitetea.

"Mwacheni mjukuu wangu. Halua tangu tuzaliwe wanasonga wanaume, seuze hako kadude."

Krimu ya siagi si kitu cha kuchezea. Siagi nusu kilo inataka sukari ya aisingi kilo nzima, na mwanafunzi kila waridi analolitoa linafanana na sikio. Kopo la pili lilipokwisha mama akatoa amri: fanyia mazoezi kitu kinacholika na chatini. Basi nikachemsha mbatata, nikaziponda mpaka zikalainika, nikazitia kwenye mfuko wa kupambia. Mbatata zina adabu jamani. Ukiziweka pahala zinakaa papo hapo. Ndani ya wiki mbili nikawa natoa mawaridi yenye majani matano matano, na jioni mama anayachovya kwenye unga wa dengu, anayakaanga kachori. Jirani aliyepelekewa sahani alituma mtoto aje kuuliza kachori za nyumba hii mbona zinachanua.

Kosa langu ni hilo. Nilihitimu kwa mbatata.

Khaloo wangu wa Bububu, ndugu yake mama, alikuwa anamwoza binti yake mwezi wa pili. Alikwenda kuuliza bei ya keki kwa wenyewe wanaojua, akarudi, akakaa kitako, akaomba maji. Nami, mdomo huu, nikasema: "Khaloo, keki niachie mimi."

Bi harusi alitaka ghorofa mbili, buluu ya bahari, na mawaridi ya manjano juu. Nikamwambia itakuwa buluu kama maji ya Nungwi saa sita mchana. Watu wakaitikia inshallah, lakini ile inshallah ya kumwambia mtoto atanunuliwa baiskeli.

Sasa mwezi wa pili Unguja ni kaskazi. Jasho linakutoka umekaa. Siagi huanza kuyeyuka baina ya nyuzi 32 na 35, na jiko letu limeezekwa bati. Yule mama wa kwenye simu aliyenisomesha, nikikumbuka vizuri, kila somo alikuwa amevaa sweta. Sweta! Hapo ndipo ningeshtuka mapema.

Keki nilizioka usiku, zikatoka vizuri, hilo nijisifu. Asubuhi nikapaka lile tabaka jembamba la kwanza, la kukamatia chembe, ambalo lazima liingie friji nusu saa ligande ndipo upake la pili. Nikafunga mlango wa friji saa nne na dakika kumi. Saa nne na robo umeme ukakatika.

Kwetu umeme unakuja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Bara, na wenye umri wanakumbuka ulivyokatika Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima kinakoga giza. Kwa hiyo ukikatika kwa saa chache hakuna anayekusikitikia. Nilitoka mbio kwa jirani anayeuza barafu, nikarudi na madonge manne, nikayapanga kwenye beseni, keki juu yake kwenye sinia. Miguu ya meza nikaitia kwenye makopo ya maji kwa ajili ya chungu, maana wao hawakualikwa lakini khabari walikuwa nayo. Mdogo wangu nikampa upepeo.

Nikaingia kwenye rangi. Matone matatu ya buluu ndani ya krimu. Nikakoroga. Ikawa kijani.

"Kaka," mdogo wangu akasema huku anapepea, "siagi si manjano?"

"Pepea."

"Manjano ukitia buluu..."

"Pepea, nimekwambia!"

Nikaongeza buluu. Ikawa kijani zaidi. Nikaongeza tena, nikitaraji mahala fulani mbele kijani kitachoka kisimame. Hakikuchoka. Tena rangi ya kwenye krimu ina tabia mbaya: unavyoiacha ndivyo inavyokolea, ya saa sita si ya saa tisa. Nilipomaliza kupaka, keki ilikuwa kijani cha mlango wa msikiti. Mawaridi, kwa kuwa siagi yenyewe ni manjano, hayo yalitoka kama yalivyoagizwa.

Kijani na manjano. Katika visiwa hivi rangi mbili hizo zikisimama pamoja hata mtoto wa chekechea anajua ni za chama gani. Na bwana harusi ni mtu wa Wete, kule Pemba, ukoo mzima umevuka na boti jana yake, na nadhani msomaji sina haja ya kukueleza kwamba si wapenzi wa rangi hizo.

Saa tisa na nusu mjomba akaja na kigari chake. Keki nikaipakata nyuma, nimeikumbatia, madirisha wazi. Ukitoka mjini kwenda Bububu matuta hayahesabiki, na mjomba kila tuta analipanda kwa bismillahi na kulishuka kwa kishindo. Tulipofika Mtoni ghorofa ya juu ilikuwa inazama taratibu ndani ya ya chini, kama mzee anayekaa kwenye kochi lililokufa springi.

"Mjomba simama! Simama hapo kwa muuza mishikaki!"

"Saa hizi una njaa?"

Muuza mishikaki alikuwa ndiyo kwanza anapepea makaa. Nikamwomba vijiti tisa, visafi, virefu. Akanifuata mpaka kwenye gari, akachungulia ndani, akaitazama keki, akanitazama mimi, pesa akakataa kupokea. "Nenda zako ndugu yangu. Mungu atakufanyia wepesi." Hivyohivyo kama anayemwona mtu anampeleka mgonjwa hospitali.

Baadaye nilikuja kuelezwa na mama mmoja anayeishi kwa kazi hii kwamba vijiti huingia kwenye keki ya chini peke yake, vikakatwa sawasawa na uso wake, kisha ya juu ikakaa juu yao na kibao chake. Na kwamba siagi kwa joto letu huchanganywa nusu kwa nusu na yale mafuta meupe mgando, na buluu haitafutwi kwenye siagi ya manjano. Yote haya yananifaa sasa. Siku ile nilivipigilia vijiti kutoka juu, nikavipenyeza ghorofa zote mbili mpaka kwenye sinia, kwa kisigino cha kiatu cha mjomba kilichofungwa leso. Vichwa vyake nikavifunika kwa mawaridi, ambayo sasa yalishakuwa masikio tena.

Khaloo alitupokea mlangoni. Aliitazama keki muda mrefu.

"Ndiyo buluu hii?"

"Ni taa tu, khaloo."

"Taa gani? Umeme haujarudi."

Mimi mwanamme, ndani kwenye shughuli ya wanawake sina pahala, nikajibanza jikoni penye kidirisha cha kutazamia. Bwana harusi akaingizwa, vigelegele, picha. Wakapewa kisu, mkono juu ya mkono. Kisu kikaingia vizuri vidole viwili, kikagota. Wakakandamiza. Kikapita baina ya vijiti viwili, kikanasa. Bwana harusi ni kijana mwenye nguvu zake, na watu wote wanamtazama, akakishika kwa mikono miwili akavuta juu.

Kisu kikaja. Ghorofa ya juu ikaja nayo, nzima, inaning'inia hewani na vijiti vyake tisa vimetokeza chini, krimu ya kijani inadondoka kwenye kanzu.

Kimya. Nilisikia mafuta ya sambusa yakichemka nyuma yangu.

Kisha bibi kizee mmoja wa upande wa Wete akasema kwa sauti ya kuadhini: "Loo! Mshikaki!"

Bi harusi alicheka mpaka wanja ukamfika kidevuni. Shangazi yake bwana harusi, mama mpana mwenye sauti, akasimama akaikagua ile kijani na ile manjano, akasema: "Kumbe hata huku mmetuletea? Basi kateni, tuile tuimalize!" Na wallahi waliimaliza. Picha zote za harusi ile, kuanzia saa kumi na mbili, watu wana midomo ya kijani, mpaka khaloo.

Sinia letu lilibaki kule. Kwetu chombo cha watu hakirudishwi kitupu, na siku ya nne akaja kijana mgeni akabisha hodi, sinia limefunikwa kitambaa cha kutarizi. Ndani mlikuwa na vijiti vinane, vimeoshwa, vimefungwa kwa mpira, na kando yake donge kubwa la halua ya Wete. Kijiti cha tisa walikuwa wamekichomeka katikati ya halua.