Harufu ya yai viza: msiyahukumu masega kabla ya nozeli

Gari likianza kunuka yai viza, mafundi wengi hawaulizi maswali. Wanaingia uvunguni, wanagonga masega, lile kopo la kwenye bomba la moshi linalosafisha moshi, kwa ngumi, hukumu inatoka: "Haya yamekufa, tuyatoe." Mimi nilishaikubali hukumu hiyo. Nikafungiwa masega mapya, nikaondoka roho kwatu. Haikupita miezi miwili, harufu ikarudi vilevile.

Petroli ina salfa kidogo. Ikiungua vizuri inageuka salfa dioksidi na kutoka zake kimyakimya, kwa kiasi ambacho pua haikigundui. Lakini mafuta yakizidi, yaani injini isipopata zile kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli, oksijeni ndani ya masega inapungua na salfa inaishia kushikana na hidrojeni. Hapo ndipo inapozaliwa haidrojeni salfaidi, na hilo ndilo yai viza lenyewe. Ni kweli harufu inapikwa kwenye masega. Ila viungo vimeletwa na injini.

Kwangu mimi ilikuwa nozeli, kile kidude kinachopulizia petroli kwenye injini. Fundi wa pili, mtu asiye na maneno mengi, alifungua plagi zote nne akazipanga juu ya kitambaa. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia iliyopauka. Ya nne nyeusi tii, masizi makavu yanayobaki kidoleni. Akang'oa reli, bomba linalogawa petroli, pamoja na nozeli zake, akaifunga isitikisike, akatandika karatasi chini, akaniambia niwashe swichi bila kupiga stata. Pampu ikalia kidogo, ikanyamaza. Tukakodoa macho. Tone. Baada ya muda, tone jingine, palepale chini ya nozeli ya nne.

Ingeweza pia kuwa sensa ya oksijeni iliyochoka, au sensa ya joto la maji inayodanganya kwamba injini bado baridi, au presha ya mafuta iliyopanda. Ndiyo maana nakerwa na wanaochomeka mashine ya kupimia, wakiona haionyeshi namba ya hitilafu wanasema gari ni zima. Fungua ukurasa wa marekebisho ya mafuta (fuel trim)! Ukikuta hasi 10 kwa mia au chini ya hapo, kompyuta ya gari inahangaika kupunguza mafuta, hata kama taa ya cheki injini haijawaka.

Harufu ya sekunde chache baada ya kukanyaga mafuta kwa nguvu mlimani, mimi siihesabu. Na kama imeanza siku ulipojaza tangi kituo kipya, jaza kwingine kwanza. Huenda ni salfa nyingi tu kwenye petroli.

Halafu kuna wanaonusa mbele wakalaumu nyuma. Harufu ikitoka kwenye boneti, pima chaji injini ikiwa inanguruma. Volti 13.8 hadi 14.5 ni kawaida kwa magari mengi. Ikipita 15, oltaneta, yaani jenereta inayochaji betri, inaichemsha betri. Zima, acha ipoe, usisogeze moto, maana betri hiyo inatoa na hidrojeni inayolipuka. Oili ya giaboksi ikidondokea bomba la moto nayo hunuka salfa.

Masega hufa, sikatai. Mafuta yakizidi muda mrefu yanaungulia humo humo, masega yanayeyuka na kuziba, gari linakosa nguvu. Ukiyatoa, yai viza linaondoka kweli, kwa sababu jiko limevunjwa. Nozeli inaendelea kuvuja, na sasa unanuka petroli mbichi.

Masega yangu ya zamani yalibaki kwa yule fundi wa kwanza. Sikuwa nimejua kwamba ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kwamba wanunuzi hawakosekani. Yeye nadhani alijua.