Magunia ya wali

Jamani, hii programu ya kutafsiri kwenye simu imenichosha! Mteja wangu wa Zambia huniandikia Kiingereza. Juzi nikiwa hapa Soweto, Mbeya, simu ikanitafsiria: anataka "magunia 20 ya wali wa Kyela". Wali!

Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba mchele nina gunia 8, zilizobaki ni mpunga, haujakobolewa. Kwake vyote vikafika kwa neno moja, kwa sababu Kiingereza cha kila siku huviita vyote "rice". Akaniuliza mbona najipinga mwenyewe. Mimi!

Kompyuta hugeuza kila neno kuwa namba nyingi, kufuatana na maneno yanayokaa jirani nalo kwenye maandishi yaliyotumika kuifunza. Maandishi hayo mengi ni ya Kiingereza, na hata tafsiri ya Kifaransa kwenda Kiswahili mara nyingine hupitishwa kwenye Kiingereza kwanza. Lakini mpunga, mchele na wali si kitu kimoja. Muulize mkulima wa Mbarali anayelipia mashine ya kukoboa, au mama ntilie. Hata bei ni tofauti!

Ikabidi niweke punje kiganjani, za maganda huku, nyeupe huku, nikampigia picha.