Kamera ipigwe baridi, betri ipewe blanketi

"Unapoza mashine? Kwenye baridi hii?"

Mama niliyefikia kwake Matamba, wilayani Makete, aliniuliza hivyo mwezi wa sita, kikombe cha chai kakikumbatia kwa mikono miwili. Nikaanza somo. Kihisi cha kamera, kile kinachopokea mwanga, kikipata joto hutia chenga kwenye picha, na kila ukikishusha nyuzi sita au saba, chenga hizo hupungua nusu. Ndiyo maana kamera za kupigia picha nyota zina kipoza cha umeme, na feni kisogoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Si ungeiacha tu nje, mwanangu?"

Nikacheka. Saa nane usiku sikuwa namcheka tena.

Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi, na kipupwe kikikolea nyasi huamka zimeshika barafu. Anga lake ndilo linalonipandisha zile kona 57 kutoka Chimala: kundi la nyota la Nge juu ya utosi, Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota, imetanda, taa za mji hakuna. Pa kuchomeka plagi pia hakuna. Nilikuwa na betri ya gari, N50, niliyoibeba kama mtoto mgonjwa, na waya wa mita tano niliouziwa duka moja mjini kwa jina la "waya mnene". Hewa ilikuwa nyuzi 5. Kwa ukaidi tu nikaiweka kamera hasi 25, kwa sababu namba inapendeza. Kamera yangu inaweza kushuka nyuzi 35 chini ya hewa iliyopo. Mimi nilikuwa naidai 30.

Ilipofika saa nane kipoza kilikuwa kinafanya kazi kwa asilimia 100 na bado joto linapanda: hasi 24, hasi 22. Kisha mota ya stendi, ile inayoizungusha kamera ifuate nyota, ikakata, nyota zikawa mistari. Nikatoa mita ya kupimia volti. Kwenye vichwa vya betri, volti 12.1. Mwisho wa waya, pale kamera inapochomekwa, 11.2. Volti 0.9 zimeliwa njiani! Asubuhi nilipouchuna ule waya nikakuta unene wote ni plastiki. Shaba ndani yake milimita za mraba 0.75, kama waya wa taa ya mezani. Nikanunua wa 2.5, na sasa kwa mzigo uleule sipotezi hata theluthi ya volti.

Kwa hiyo msimamo wangu, na najua wapo watakaonirukia, ni huu: huku nyanda za juu, kabla hujawaza betri kubwa zaidi, badili waya, halafu achana na hasi 25. Mama alikuwa sahihi nusu. Nusu aliyokosea ni kwamba baridi ya nje haitulii. Saa tatu usiku ni nyuzi 6, alfajiri ni sifuri, na zile picha za giza tunazopiga lenzi ikiwa imefunikwa, ili tuondolee chenga baadaye, zinataka nyuzi zilezile za picha zenyewe. Kazi ya kipoza Kitulo ni kushikilia namba isiyumbe. Kazi ya kuishusha, Makete imeshaifanya bure.

Piga hesabu. Kwa hasi 25, kamera, stendi na mkanda wa kuzuia umande vilinilia ampea 4. Kwa hasi 10 ni 2.5 hivi. Usiku wa saa 8, ya kwanza inataka ampea-saa 32 (ampea mara saa), ya pili 20. Betri ya gari ya ampea-saa 50 haipendi kushushwa chini ya nusu, maana imeundwa kupiga stata, siyo kukesha. Ishirini inaingia. Thelathini na mbili haiingii, na hapo bado baridi haijachukua sehemu yake.

Pawabenki? Ile mAh 20,000 (milliampea-saa) iliyoandikwa ubavuni huhesabiwa kwenye volti 3.7. Ukiipeleka volti 12 unabaki na kama ampea-saa 6, yaani saa mbili na nusu hivi kwa ampea 2.5. Wengine hufunga inveta, wapandishe volti 12 ziwe 230, kisha adapta izirudishe 12. Hilo ni kuchota maji kwa pakacha, kwenda na kurudi.

Siku hizi ninayo ya lithiamu, ile ya chuma na fosfeti, ya 50 pia, nyepesi kuliko nusu ya ile ya gari, na naitumia karibu yote. Ina tabia moja: haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Ukiiunganisha na paneli ya sola alfajiri, nyasi bado nyeupe, unaiua. Basi niliporudi Matamba mwezi wa saba nilimwomba mama blanketi, nikaikunja betri pembeni ya jiko, mbali na moto, mpaka jua lipande.

Alisimama mlangoni akaitazama, kisha akanitazama mimi. Kamera ilikuwa bado nje, imeota barafu.

"Na hiyo ndiyo inayosikia baridi?"