Maua ya Ndani Hayafi kwa Kiu

Mama mdogo alipokuja kunitembelea Dar, asubuhi ya kwanza tu alichukua jagi akalimwagilia ua langu la sebuleni. Nikamwambia, "Mama mdogo, hilo nililimwagilia wiki mbili zilizopita, bado linatosha." Akanitazama kama mtu aliyemnyima mtoto uji.

Namwelewa. Tumekulia kwenye matuta ya mchicha na matembele, ambako asiyemwagilia jioni ni mvivu. Lakini chungu kilichokaa kona ya sebule hakipigwi jua wala upepo, na udongo wake unakauka taratibu mno. Maji yakituama, mizizi inakosa hewa na kuoza, majani yanageuka njano. Nasi tukiona unjano, tunaongeza maji! Nimeua mimea mitatu hivyo. Muuzaji wa kando ya barabara aliyeniambia "mwagilia kila siku, dada" akaniuzia na wa nne, bila haya.

Huo wa nne ndio aliouvamia mama mdogo. Wauza maua wanauita ZZ, kifupi cha Zamioculcas zamiifolia. Kwa bei yake na majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, nilidhani umetoka Ulaya. Kumbe ni mwenyeji: asili yake ni kuanzia Kenya, kupita kwetu, hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, nasi tukaanza kuutamani. Fukua udongo kidogo utaona matunguu yake, manene kama viazi. Humo ndimo unamoweka akiba ya kuvukia kiangazi. Sasa jagi la kila asubuhi la nini?

Si kwamba yote ni hivyo. Kuna kale kaua ka zambarau kutoka milima ya Usambara; Wajerumani wanakaita Usambaraveilchen tangu mtawala wao wa huko, Walter von Saint Paul-Illaire, alipokapeleka kwao. Wataalamu wakakapa jina la kisayansi mwaka 1893. Kwao ni miambani, kwenye kivuli cha msitu wenye unyevu. Hako ukikasahau wiki mbili kwenye joto la Dar, umekaua. Ndiyo maana sikubali ratiba ya kumwagilia. Mimi nachomeka kidole udongoni. Kikitoka na unyevu, naondoka zangu.

Na ile sahani ya chini ya chungu, imwage. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji ya namna hiyo hiyo, na waliokuwa Dar mwaka 2019 hawahitaji kusimuliwa.

Mama mdogo aliondoka na majani matatu ya ZZ. Jani lake likichomekwa udongoni huota, ila linaweza kuchukua miezi. Jana kanipigia, analalamika: "Mbona hayaoti, na mimi nayamwagilia kila siku?"