Mauzo ya dawa kwenye blogu ya dagaa

Shangazi yangu anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, wateja wake wengine wanatoka mpaka Kongo, sasa mi nikaona huyu mtu anahitaji blogu, aweke picha, aweke bei, na mimi nipate pa kujifunzia. Nikamwambia shangazi zile themu za bure kila mtu anazo, we nakutengenezea ya kwako kuanzia sifuri. Akauliza themu ndo nini. Nikasema ni nguo ya blogu. Akasema basi isiwe fupi.

Wanaojua WordPress, programu ya kutengenezea blogu, wanajua themu ya kuanzia haina makubwa, faili mbili tu, style.css ya rangi na sura, na index.php ya kuutoa ukurasa wenyewe, unazitia kwenye foda moja, juu ya style.css unaandika jina la themu, inatokea kwenye orodha. Yangu nikaiita Dagaa Pro. Usiniulize Pro ya nini. Nikaweka XAMPP, programu ya kuigeuza laptopu iwe seva ya kukaa blogu, injini zake mbili Apache na MySQL zikawaka kijani, mambo si hayo, na raha ya XAMPP hulipii seva ya mtu wala huunguzi bando, blogu nzima inakaa humohumo kwenye laptopu yako. Hapo kwenye "humohumo" pashike, tutaparudia.

Sasa kodi zenyewe bwana, siyo za TRA, yale maandishi ya kuiamuru kompyuta. Nikaandika kichwa cha blogu kiwe bluu kama ziwa, nasevu, narifreshi, cheupe. Nikaweka nyekundu, cheupe. Nikazima laptopu nikawasha, nikaitukana, nikaibembeleza, kumbe brauza imeng'ang'ania style.css ya zamani, inataka Ctrl na F5 tu, nikabonyeza ikaja nyekundu maana bluu nilishafuta, na nyekundu ikabaki hivyohivyo mpaka leo kwa hasira. Af kuna yale mabano yenye kiuno, ukisahau kufunga moja tu, kila ulichoandika chini yake kinavurugika. PHP, lugha ya ile index.php, ndo mkorofi kabisa, nukta-mkato moja haipo ukurasa wote unakufa, halafu anakwambia kosa liko mstari wa 24 wakati ubaya uko wa 23, unakodolea macho wa 24 usiku kucha na hauna hatia.

Ikakamilika lakini. Wiki hiyo ilikuwa mbalamwezi, na dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwaka hivyo mitumbwi inalala na shangazi anakaa nyumbani hana kazi. Akaja kusimama nyuma yangu, akajiona picha yake na beseni, akapiga vigelegele. Akauliza, "Sasa baba, mtu akitaka kuiona anaandika nini?" Mi kwa furaha nikamsomea kilichoandikwa pale juu, localhost. Akaniomba nimwandikie kwenye karatasi. Nikajua anataka kumbukumbu.

Giza liliporudi na dagaa wakarudi, napita Mwaloni nakutana na kibao kipya, rangi ya mafuta, herufi za kushiba: DAGAA SAFI WASIO NA MCHANGA, TUPATE LOCALHOST. Fundi kashalipwa. Wateja waliojaribu kwenye simu wakaambiwa na shangazi mtandao wao mdogo.

Kabla sijajua nianzie wapi kumweleza, akatokea mzee mmoja mwenye duka la dawa, laptopu kwapani, jasho linamtoka.

"Shikamoo mzee."

"Shikamoo yako kaa nayo. Mmetoa wapi mauzo yangu?"

Akaifungua, akaandika localhost mbele yetu, na kweli bwana, panadoli ngapi zimeuzwa, dawa za malaria zimebaki ngapi, na chini orodha ndefu ya wadaiwa na majina yao. Mzee anasema kwenye simu iligoma ila kwenye laptopu imefunguka fasta, maana yake dunia nzima inasoma biashara yake kwenye blogu ya dagaa.

Nikamwelewesha. Mzee, localhost siyo anwani ya mtu, namba yake ni 127.0.0.1, kila kompyuta ukiiandikia hiyo inajiangalia yenyewe, mimi kwangu naona dagaa, we kwako unaona dawa kwa sababu kijana aliyekufungia programu ya duka naye katumia XAMPP. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa kijana, nimekuelewa. Sasa futa."

Nikarudia. Akasema futa. Watu wameshaanza kujaa, wabeba magunia wamesimama, mmoja anasoma wadaiwa kwa sauti, ikabidi niishike ile laptopu, nikakunja uso, nikabonyezabonyeza vitu visivyo na maana, halafu nikaifunga brauza. Nikasema tayari mzee, nimefuta. Aliguna, akanishika mkono kwa nguvu, akaniachia elfu kumi, akasema vijana kama nyie mmebaki wachache.

Shangazi muda wote huo kanyamaza, na siyo kawaida yake. Mzee alipofika kwenye bodaboda ndo akanivuta shati, akadhani ananong'ona, ila sauti yake ni ya mnadani.

"Hivi baba, ulivyofuta, na deni langu la dawa za presha limefutika?"

Mzee akashuka kwenye bodaboda. Akaiweka laptopu juu ya gunia la dagaa, akaandika localhost.